Chupa ya Mafuta

Mwaka ule wa ukame nilikuwa nimepanga chumba cha mabati Ngaremara, kando ya barabara kuu. Mabango ya miradi ya maji ya kaunti yalikuwa yamesimama kila mahali, lakini maji yenyewe yalikuwa bado yanabebwa na punda. Jirani yangu, mama mjane wa Kiturkana, alikuwa na punda mmoja jike wa rangi ya majivu. Punda huyo ndiye aliyebeba jerikeni za maji ambazo mama aliuza kwenye hoteli za barabarani, na watoto wake wakala.

Mimi nilikuwa nimetoka kutunza farasi wa kupandwa na watalii, kwenye shamba kubwa upande wa Leparua. Nilikaa huko miaka minne, muda mrefu kuliko mahali popote tangu nimalize kidato cha nne, na mpaka leo harufu ya nyasi kavu hunirudisha pale. Daktari wa mifugo alitufundisha kuweka sikio ubavuni na kusikiliza utumbo. Ukinguruma, mshukuru Mungu. Ukinyamaza, una kazi. Alitufundisha kufunua mdomo na kutazama ufizi. Na alirudia jambo moja mpaka tukalichoka: farasi si ng'ombe. Hacheui, hatapiki, na ukimmiminia dawa kwa chupa huku kichwa kimeinuliwa, dawa itaingia mapafuni. Punda naye ni vivyo hivyo.

Asubuhi moja mama aliniita. Farasi akiumwa tumbo hujitupa chini na kugaagaa, lakini punda huficha. Huyu alikuwa ameinamisha kichwa tu, hagusi mabua aliyowekewa. Nikaweka sikio ubavuni. Kimya. Ufizi ulikuwa mkavu, unanata kidoleni. Nilijua amekula plastiki. Ilikuwa imeshapigwa marufuku, lakini mifuko ya zamani ilikuwa ingali imenasa kwenye miba, na ukame haukuacha kingine cha kutafuna.

Tulimpigia simu daktari wa mifugo wa mjini. Alikuwa mbali, huko Biliqo, akichanja mbuzi, akasema tumtembeze polepole mpaka arudi. Tukaanza kumtembeza. Hatukufika mbali, akaja mzee aliyekuwa akitibu ng'ombe wa kijiji kizima. Watu walimheshimu, na kwa haki. Nilishamwona akimwokoa ndama aliyevimba tumbo, kila mtu akiwa amekata tamaa. Mkononi alikuwa na chupa ya soda iliyojaa mafuta ya kupikia.

Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba punda hanyweshwi hivyo.

"Wewe ni mtu ya farasi ya wazungu," akasema. "Hizo zinalala kwa nyumba, zinaoshwa na sabuni. Hii ni mnyama ya hapa. Shika kichwa."

Waliokuwa pale wakacheka. Mama alinitazama, akangoja. Ningeweza kukataa. Nikashika kichwa, nikakiinua juu kabisa, kama ninavyojua hakifai kuinuliwa, na mzee akamimina. Punda alikohoa. Mafuta yakamtoka puani, yakanilowesha mkono.

Tuliendelea kumtembeza. Jua lilipokuwa linashuka akanya, na ndani ya mavi mlikuwa na plastiki iliyosokotwa kama kamba. Mama akapiga vigelegele. Mzee aliletewa tumbaku, mimi chai. "Umeona, mtu ya farasi?" akaniuliza mzee, bila ubaya. Nilikunywa chai. Nusu ya moyo wangu ilimwamini.

Siku ya tatu pua za punda zilikuwa zimetanuka kama za mnyama aliyekimbizwa, na amesimama tu. Niliweka sikio tena, safari hii kifuani, nikasikia kitu kama sufuria inayochemka. Uchafu wenye harufu ya kuoza ulimtoka puani. Daktari aliporudi kutoka Biliqo, tulikuwa tumeshauburuta mzoga mpaka ng'ambo ya barabara, kwa fisi.

Mama hakulia. Aliniuliza swali moja tu.

"Tumbo ilipona. Sasa nini imemuua?"

Mzee alikuwa amesimama karibu yake, kofia mkononi, ana huzuni ya kweli.

"Ni baridi, mama," nikasema. "Imeingia kwa kifua."

Kesho yake nilimwona mama akitoka mtoni na jerikeni moja mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso. Mwisho wa mwezi nilihama, kama kawaida yangu.

Miaka miwili baadaye nilipita Ngaremara asubuhi, nikashuka kunywa chai. Punda wengi walikuwa wamefunikwa magunia mgongoni. Nikamuuliza mwenye hoteli kwa nini. Akaniambia punda wa hapa huuawa na baridi ya kifua, hasa wakitoka kuumwa tumbo. Mtu mmoja aliyejua farasi ndiye aliyewafumbulia hilo. Nje, kwenye ua wa miba, chupa ya soda ilikuwa imening'inizwa kwa kamba, kioo chake kikiwa na utando mpya wa mafuta.

Nililipa chai, nikapanda gari la kwanza lililosimama.