Jina Lililofumwa Kwenye Pindo

Mwalimu Phetsamone aliandika katika kitabu chake kwamba joka linalotazama nyuma, pambo la kufumwa kwenye sketi, lilibuniwa na marehemu mama yake, Onsi. Huo ni uongo. Joka lile lilibuniwa na Bouavanh, mfumaji wa kijiji cha Nasaang, mwaka ambao mumewe alivuka mto Mekong kwenda kutafuta kazi ng'ambo na hakurudi. Na aliyempokonya si mtu baki. Ni siao wake, rafiki wa kiapo, Phetsamone huyohuyo.

Walikuwa na miaka kumi na miwili, wamezaliwa mwaka mmoja, wazazi wao walipowakalisha mkeka mmoja na kuwafunga nyuzi nyeupe za pamba mikononi. Ndiyo usiao huo. Tangu siku ile msiba wa mmoja ukawa wa mwenzake, na mama wa mmoja akawa mama wa wote wawili. Kisha Phetsamone akapelekwa shule mjini. Bouavanh akabaki chini ya nyumba, kati ya nguzo, penye kitanda cha kufumia, kwa sababu wadogo zake walikuwa watano na mama yake alikuwa mgonjwa wa kifua. Hakuna aliyemuuliza kama naye anataka kusoma.

Phetsamone aliporudi kuwa mwalimu wa kijiji, hakurudi na maringo. Kila siku shule ikifungwa alikuja na kitabu, akavua kandambili zake, akaketi kwenye benchi la mianzi. Bouavanh akifuma, yeye akisoma kwa sauti. Walisoma hivyo zaidi ya miaka ishirini, na hawakumaliza kitabu hata kimoja bila kugombana.

"Huyu malkia analia tangu ukurasa wa kwanza," Bouavanh angesema. "Nani anampikia?"

"Ana watumishi, siao."

"Basi niandikie kitabu cha mtumishi. Yeye ndiye mwenye habari."

Phetsamone alicheka mpaka akapaliwa na wali wa kunata aliokuwa anautafuna. Ndivyo walivyokuwa. Siku moja, mvua ikipiga bati, alimuuliza Bouavanh angependa kibaki nini akishakufa. Bouavanh alipitisha uzi wa mshindio kwanza, akaukaza, ndipo akajibu. Alisema sketi ikivaliwa mpaka pindo likachanika, imeshafanya kazi yake, na mfumaji pia.

"Kitabu hakichaniki upesi hivyo," Phetsamone alisema.

"Kwa sababu hakivaliwi."

Wakati huo Bouavanh alikuwa anasema kweli. Hakuwa na haja ya kukumbukwa na mtu.

Kitabu kilipotoka, kitabu chake mwenyewe cha ufumaji wa wilaya yao, Phetsamone alikileta kimefungwa kwenye kitambaa kama mtoto mchanga. Walitazama picha zote. Walipofika kwenye joka, Bouavanh alilitambua kabla ukurasa haujafunguka wote, na mikono yake ikaacha kazi. Phetsamone akasoma: "Joka hili linalogeuza shingo lilibuniwa na Bouavanh wa Nasaang."

Bouavanh alilia. Alilia kimyakimya, akijifuta kwa ncha ya skafu. Mumewe alipoondoka, watu walisema alimchoka. Mama mkwe alisema mke mwenye kazi nzuri ya mikono hukosa maneno mazuri ya mdomo. Sasa jina lake lilikuwa kitabuni, mjini, mbele ya watu wasiomjua mumewe.

"Lipo wapi?" aliuliza. "Nionyeshe lilipo."

Phetsamone alikawia kidogo. Kisha akaweka kidole juu ya neno moja.

Herufi za kwao ni miduara na mikia, na mfumaji haogopi mduara. Bouavanh hakujua kusoma, lakini alijua kuhesabu nyuzi. Aliusoma mchoro wa neno lile kwa ncha ya kidole, nyuzi tatu juu, mbili kando, mzunguko, mkia, akaufunga kwenye kamba za kiolezo zinazoning'inia nyuma ya mtande, zile nyuzi za urefu, pale mfumaji anapotunza michoro yake yote. Kuanzia nguo iliyofuata, kila sketi aliyoifuma ilikuwa na jina kwenye pindo, dogo, la hariri ya njano. Kwa miaka mitatu alifuma hivyo. Phetsamone aliketi palepale kwenye benchi, akasoma vitabu vyake, akaona pindo likikua.

Mwaka jana, mwisho wa kiangazi, alifika mnunuzi kutoka mji mkuu, Vientiane, mama wa makamo mwenye miwani, mpole. Alishika sketi, akaisogeza kwenye mwanga.

"Mama, hii ni ya zamani?"

"Nimeitoa kwenye kitanda cha kufumia juzi."

"Basi wewe ndiye Onsi?"

"Onsi amekufa tangu mwaka wa mafuriko. Mimi ni Bouavanh. Jina langu hilo hapo."

Yule mama akavua miwani, akaivaa tena. "Hapa pameandikwa Onsi, mama. Hata kitabuni ni yeye. Onsi, mama wa mwalimu."

Bouavanh hakubisha. Alimuuzia ile nguo kwa sababu hakujua jambo lingine la kufanya, kisha akakaa akiitazama iliyokuwa bado kitandani, nusu imefumwa, na neno la njano likiwa limeshatokea.

Phetsamone alikuja saa zake za kawaida. Alikuwa na kitabu kipya na machipukizi ya mianzi yaliyochemshwa, ndani ya bakuli. Aliona uso wa mwenzake, akaweka bakuli chini.

"Nisomee hili," Bouavanh alisema, na kugusa pindo.

Phetsamone aliliinamia pindo. Kuku alipita chini ya kitanda cha kufumia. "Onsi," alisema mwishowe.

"Uliniona nikilifuma."

"Nilikuona."

"Kila siku."

"Kila siku, siao."

"Na ukakaa hapo ukinisomea habari za malkia."

Phetsamone alianza kusema upesi, kama wanafunzi wake wanapokosa hesabu. Alisema mama yake alikuwa anakufa wakati yeye anakiandika kitabu, na hakuwa ameacha kitu cha kuonyesha, maisha yake yote ni mpunga na nguruwe. Alisema alitaka kumpa kitu kimoja. Isitoshe, angeandikaje maana ya joka lile? Kwamba mwanamke aliachwa, akawa anageuka kutazama njia? Alikuwa anamsitiri. Aliandika kwamba joka linawakumbuka waliotangulia. Watu walisifu.

"Halikumbuki waliotangulia," Bouavanh alisema. "Lilikuwa linamtafuta yule mpumbavu."

Hapo Phetsamone alicheka kidogo bila kutaka, na Bouavanh naye nusura acheke, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi.

"Mama yangu ni mama yako," Phetsamone alisema. "Tulifungwa nyuzi. Siao hagawi mama."

"Basi ungemwandika wangu. Naye alikufa. Naye alikuwa mama yako."

Machozi yalimtoka Phetsamone, akayaacha. Bouavanh alimtazama analia, yule msichana aliyekaa naye mkeka mmoja, nywele sasa mvi tupu, na akatamani amchukie moja kwa moja ili apumzike. Haikuwezekana. Akasukuma bakuli katikati yao.

"Kula. Yanapoa." Kisha akasema, "Umenifanya nitake jina. Mimi sikulitaka. Nilikuwa nimeridhika na nguo kuchanika. Umenipa, kumbe si langu, na sasa kulikosa kunaniuma."

Phetsamone alichukua kalamu, akaandika neno moja kwenye karatasi aliyoichana kwenye daftari la shule, pole pole, kwa herufi kubwa. "Bouavanh," alisema. "Hili ni lako. Naapa kwa mama."

"Kwa mama yupi?"

Alipoondoka, Bouavanh alikunja karatasi ile, akaipeleka hekaluni kwa mtawa mzee, akamwomba asome bila kumwambia ni nini. Mtawa akasoma: Bouavanh. Alirudi nyumbani akiona haya kwa sababu alikuwa amekwenda kuhakiki, na akajua kwamba kila kitu siao wake atakachomsomea tangu sasa, sehemu ya sikio lake itakuwa inauliza kama ndivyo kilivyoandikwa. Kabla ya usiku kufika alikuwa ameshazifungua kamba za neno la zamani kwenye kiolezo, moja baada ya nyingine, na kufunga mpya. Jina lake lilikuwa refu zaidi. Lilikula pindo.

Phetsamone alisema kitabu kitachapishwa tena baada ya mvua, na kwamba atasahihisha. Kimechapishwa. Jalada ni jipya, rangi ya majani. Ukurasa wa joka haukuguswa. Alisema wachapaji walikuwa na haraka, safari ijayo hakika, na akaomba radhi, na Bouavanh akamsogezea benchi.

Bado anakuja, bado anasoma, na wakati mwingine wanacheka. Nguo za miaka ile mitatu zinatembea huko mijini zikiwa na jina la Onsi, na hakuna wa kuzirudisha. Lakini ukurasa ule unaweza kuandikwa upya na mtu mmoja tu, na mtu huyo ana kalamu na ana macho. Mwalimu Phetsamone, binti Onsi, anadaiwa ukurasa.