Sori ya Jirani

Neno la Kiingereza linalonichefua kuliko yote ni sori. Zamani nililipenda. Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni pardon ya Kifaransa: mtu anakubali kosa, maisha yanaendelea.

Jirani yetu wa upande wa juu, hapa Makomeno, neno hilo alilitoa Mokambo, mpakani, anakokwenda kununua bidhaa kwa Wazambia. Alilimwaga kila mahali kama chumvi. Akikukanyaga mguu, sori. Ukifiwa, sori. Ukimwambia jambo asilotaka kulisikia, anakutegea sikio na kuuliza, "Sori?", yaani rudia, sijasikia. Mama yangu, ambaye Kiingereza hakijui, alikuwa akirudia mpaka anachoka.

Kisha maji ya kisima chetu yakaanza kunuka. Kisima hicho marehemu baba alikichimba mwenyewe alipostaafu kazi ya reli, na bomba likikauka hatuna maji mengine. Mwanzoni tulidhani panya amefia humo. Siku moja ndoo ikapanda na maji ya rangi ya chai, juu yake utando, na harufu ambayo kila mtu anaijua. Nilitapika palepale. Shimo la choo la jirani, alilolichimba karibu kabisa na ukuta wetu, lilikuwa linavujia kisimani. Na maji yale tulikuwa tumeyasongea bukari, ugali wetu wa kila siku.

Mama alimwendea. Alirudi ametulia, akasema jirani amesema sori. Nikamfasiria kwa ujuzi wangu wa shuleni: amekiri, ameomba msamaha, sasa atalihamisha shimo. Tukangoja. Mvua zikaanza, harufu ikaingia mpaka chumbani, na yeye kila asubuhi anatupungia mkono.

Ndipo mama akamshtaki kwa mkubwa wa mtaa. Tulikaa uani kwa mkubwa huyo, mama amepakata jagi lililofunikwa kitambaa. Nilieleza kwa kujiamini kwamba jirani alishakiri kwa mdomo wake, na neno nikalitaja. Jirani akacheka kidogo.

"Sori iko pole tu," akamwambia mkubwa. "Nilimupatia mama pole, sawa vile ku kilio. Sikusema iko kosa yangu."

Kinyaa kilichonishika kilizidi kile cha siku ya ndoo. Mtu anatunywesha kinyesi chake, halafu anatupa pole.

Mama hakubishana. Alifunua jagi, akamimina maji ya kisima kwenye kopo, akaliweka mbele ya jirani. Harufu ikatufikia sote. Mkubwa akavuta kiti chake nyuma.

"Papa," mama akasema, "kama haiko kosa yako, basi maji iko muzuri. Kunywa."

Jirani alilitazama kopo. Kisha akamtegea mama sikio.

"Sori?" akauliza.

Mama akarudia, taratibu, na safari hii hakuchoka.