Lugha ya Sokoni Ndani ya Nyumba Yangu

Ni ule mwaka, wala si mbali, mahindi yalipokaukia shambani hapa Bariadi, tukala michembe na maziwa ya mgando mpaka watoto wakiona viazi vimeanikwa wananuna. Ndipo mwanangu aliporudi kutoka Bangui, huko Afrika ya Kati alikokuwa fundi wa magari. Akaja na mke na mtoto wa miaka minne.

Mtoto nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka." Akajificha kwenye sketi ya mama yake. Wakaambiana neno kwa Kisango chao, wakacheka. Mimi, bibi mzaa baba, nachekwa uani kwangu.

Mwanangu akaniita pembeni. "Mayu, ongea naye Kiswahili. Kisango tayari anacho. Hiki chetu kitamchanganya shuleni."

"Mimi na mjukuu wangu ni Kisukuma tu."

"Mayu, hata watoto wa jirani Nkoma siku hizi hawakijui."

"Wa Nkoma nimewazalia baba zao?"

Basi ikawa wiki nzima ya kusema peke yangu. Namtuma maji, ananitazama mdomo. Ndama wangu wananielewa kuliko yeye.

Siku moja tunachambua pamba na mkwe wangu, nikamuuliza hicho Kisango ni cha kabila gani. Kwa Kiswahili chake cha kuungaunga akasema kilikuwa cha watu wa mtoni. Wafanyabiashara wakakichukua, wakakipunguza uzito kiwafae sokoni, na wamisheni nao wakakitumia kuhubiri. Baba yake kabila lake, mama yake lake, nyumbani wakaelewana kwa hicho. "Ndicho nilichonyonya, mama. Naota ndoto humo."

"Na cha bibi yako?"

Akaacha pamba. Bibi yake alipokuwa anakata roho aliomba kitu kwa lugha yake ya zamani. Wajukuu wakaleta maji, wakaleta shuka, wakaleta padri. Bibi akageukia ukutani. Mpaka leo hawajui alitaka nini.

Kiswahili mimi nilikipata ukubwani, cha mnadani na cha ofisi ya kata. Nikiumwa hakinijii.

Jioni mwanangu akaanza tena. "Mayu, tumeshakubaliana na mwalimu, nyumbani mtoto asikie Kiswahili."

"Mlikubaliana, mimi nilikuwa wapi?"

Akamgeukia mkewe amsaidie. Mkewe akaendelea kupakua michembe.

"Sasa Mayu, tufanyeje?"

"Mimi na mjukuu wangu ni Kisukuma tu."