Swali Walilosema Limemuua Dada Yangu

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kushtuka ovyo. Nimepanda mapaa tangu ujana, nimekutana na nyoka kwenye dari, nimeona fundi mwenzangu akiteleza akaanguka kama gunia. Lakini mwezi uliopita, juu ya kanisa la kijiji nilikozaliwa, nililalia mbao kifudifudi na kuuma msumari uliokuwa mdomoni, nisipige kelele.

Nilikuwa nimeitwa kutoka Kedowa, ninakoishi, kuja kutoa mabati yaliyooza na kuweka mapya. Nilipong'oa mbao za ukuta chini ya msalaba wa chuma, nyuma yake kulikuwa na ukanda mrefu wa shaba uliofungwa kwa msalaba na kushuka mpaka kwenye udongo. Sehemu ya chini ilikuwa na rangi ya kijani, ya juu rangi ya maziwa. Kanisa lile halijawahi kupakwa rangi hata siku moja. Hizo zilikuwa rangi za darasa letu.

Wacha nikueleze pole pole, maana hata mimi bado sijatulia.

Kwetu ni mlima wa chai, shamba kwa shamba. Mama alikuwa akitutoa kitandani ukungu ukiwa bado umelalia majani, tuchume kidogo kabla ya shule. Nguo zilituloa umande mpaka kifuani, mimi nikilalamika baridi, dada yangu akiimba. Tukirudi jikoni tulimkuta kogo, nyanya yetu, ametumiminia mursik, yale maziwa chachu ya kibuyu yenye mkaa, na ugali wa jana aliouchoma kando ya moto mpaka ukashika ngozi ngumu. Moshi, mkaa na maziwa: hiyo harufu nikikutana nayo popote narudi kuwa mtoto.

Mchana wa kwetu hauishi bila ngurumo. Kogo alikuwa wa ukoo unaohesabiwa kuwa ndugu wa mvua. Radi ikikaribia alichukua shoka, akalisugua kwa jivu, akalitupa uwanjani akiiambia inyamaze, hapa ni kwake. Halafu Jumapili alifunga kitambaa kichwani akaenda kanisani kama wengine. Tulimwuliza nani hasa aliumba dunia, Asis wa wazee, yule wa jua, au Mungu wa katekista, yule aliyetufundisha dini kanisani. Alijibu kwamba yeye hakuwako huko, tumwache apike.

Shule ilikuwa uwanja mmoja na kanisa, kwa sababu kanisa ndilo lililoileta. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mgeni, mtu wa Kisii, mwembamba, wa baiskeli. Watu walimtania ati ndizi za kwao zimemkausha. Ni yeye aliyesumbua wazazi mpaka darasa letu likawekewa aresta ya radi: mkuki juu ya bati, na ukanda wa shaba unaoshuka ukutani, radi ikija iteremke humo ikazikwe ardhini. Tulipopaka darasa rangi, kijani chini na maziwa juu, tulipitisha burashi hata juu ya shaba. Mimi nilipaka chini. Dada yangu alipanda dawati akapaka juu, tone lake likanidondokea kichwani na lingine likatiririka juu ya kijani changu. Tuligombana kwa hilo siku nzima. Tone hilo nililiona tena mwezi uliopita, liko vile vile.

Siku moja mwalimu alichora nukta moja tu ubaoni. Akasema wanaochunguza nyota wameona kwamba vitu vyote, jua, milima, chai, sisi wenyewe, mwanzoni vilikuwa vimebanwa pamoja, moto usiosemeka, kisha vikapanuka na kupoa. Akasema chuma cha jembe kilipikwa ndani ya nyota kabla dunia haijakuwa dunia. Tulikaa tumeduwaa. Dada yangu akainua mkono.

“Mwalimu, na hiyo ya kwanza iliwekwa na nani?”

Mwalimu alicheka kama mtu aliyeletewa zawadi. “Hapo ndipo mimi naishia, mama. Kuna wanaosema ni Mungu, kuna wanaosema ilitokea tu. Akija mtu kukuambia yeye anajua kabisa, muulize alikuwa amekaa wapi akitazama.”

Tulikimbia nyumbani na hayo maneno kama tumepewa peremende. Jioni yalikuwa yamemfikia katekista. Jumapili akasimama akasema shuleni kuna msichana anayemdai Mungu cheti cha kuzaliwa. Kanisa lilicheka. Mama aliinamisha kichwa, na tulipofika nyumbani akamwambia dada asirudie tena. Dada alishangaa kweli kweli. Hakuwa amemtukana mtu. Alitaka kujua tu.

Haukupita muda, aresta ikapotea. Asubuhi tulikuta ukuta una alama nyeupe tulipokuwa tumezoea kuona shaba. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenye duka la kijijini, alisema ni wezi wa vyuma vikuukuu. Mwalimu alienda kwa hedimasta kuomba nyingine inunuliwe haraka, msimu wa radi umefika. Aliambiwa ashughulike na chaki yake.

Watu huniuliza mlio wa radi iliyopiga darasa letu ulikuwaje. Sikusikia mlio wowote. Niliona darasa limekuwa jeupe, kila uso, kila kitabu, halafu nikajikuta chini ya dawati mdomo umejaa ladha ya chuma. Sikio langu la kushoto lilikufa hapo hapo. Mkono wangu ulikuwa umebabuka kama viazi vilivyoungua. Dada yangu alikuwa ameketi kando ya ukuta, kichwa kwenye mikono, kama mtu aliyesinzia. Nilimsukuma aamke. Nilimsukuma tena, na mwalimu akanivuta kwa shati akilia.

Kwenye maziko, mbele ya jeneza dogo, katekista alisema, “Mungu hajaribiwi. Ameulizwa, amejibu.”

Mwalimu aliondoka wiki hiyo, godoro limefungwa kwenye baiskeli, vijana wakimrushia madongoa ya udongo, ati ndiye aliyeita radi. Alisimama kwetu kumpa mama pole. Mama akamfungia mlango. Kuanzia hapo jina la dada halikutajwa nyumbani. Nikifungua mdomo kuuliza kitu chochote, hata ng'ombe atazaa lini, mama aliniziba kwa kiganja, kama anazima moto. Na mimi shule niliiacha. Mwenye sikio moja alikuwa anakaa nyuma anaitwa mjinga, basi nikaenda kushika nyundo.

Sasa unaelewa kwa nini nililala juu ya mbao zile.

Nilishuka. Katekista bado yu hai, mzee kabisa, alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akitusimamia kazi. Nilimwonyesha ukuta nikamwuliza shaba ile ilitoka wapi. Nilidhani atakana. Hakukana hata kidogo, na hilo ndilo lililonishtua zaidi ya shaba yenyewe.

“Ilikuwa ya shule,” alisema. “Tulihamisha kwa muda. Jengo la kanisa lilikuwa jipya, fundi, limejengwa kwa jasho la watu. Radi ingelimaliza.”

Akaeleza kama anayeeleza njia ya kwenda Sigowet. Wazo lilikuwa lake. Mwenyekiti alileta ngazi na kutunga habari ya wezi. Hedimasta alijua akanyamaza, alitaka barua nzuri ya kanisa apandishwe cheo. Wawili hao wamekufa, na walizikwa kwa sifa nyingi. Ndiyo hao, rafiki. Watu wa kwetu wakisoma hapa watawajua wote watatu.

Nikamwuliza, “Mzee, si ulituambia radi ni Mungu anatuma?”

“Ndiyo.”

“Basi hapo ulikuwa unamkinga nani na nani?”

Alitazama miguu yake. “Wewe umekuwa kama yule mwalimu,” akasema.

Nilimwambia sitapiga msumari hata mmoja mpaka aseme kanisani, kwa mdomo wake, kwamba dada yangu hakuuawa kwa swali. Mabati yalikuwa chini na mvua ilikuwa njiani. Kamati ya kanisa ilinibembeleza, ikanitisha. Nilikaa kwenye nyasi nikinywa chai yangu.

Jumapili alisimama, ameshikwa na wajukuu, juu yetu mawingu matupu. Alisema shaba ya shule waliichukua wao. Alisema mtoto hakuwa na kosa. Akaketi. Hakuna aliyelia wala kusema amina.

Nje, mama mmoja anayeuza maziwa alinishika mkono huu uliobabuka. Alikuwa wa darasa letu, alikaa nyuma ya dada. Akaniambia, “Mimi tangu siku ile sijawahi kumwuliza Mungu kitu. Nikiomba nashukuru tu. Nilimzika mume wangu, nikashukuru.”

Nimemfikiria sana tangu hapo. Lile lilikuwa darasa la vidole juu, tulisukumana kuuliza. Leo tumekuwa wazee wa mashamba ya chai, bei ikishuka tunanyamaza, mtoto akifa tunanyamaza, tukiambiwa ni mapenzi ya Mungu tunavaa kofia tunaenda nyumbani. Sijui kama ulimwengu uliwekwa na Mungu au ulitokea wenyewe. Sikusoma kiasi cha kujua, na nimeanza kuamini hata waliosoma wanafika mahali wanaishia. Ninachojua ni nani alileta ngazi.

Mama yangu alikufa hajayajua haya. Aliishi miaka yake yote akiamini kuna kitu kikubwa juu huko kilichomchukia mtoto wake, na kila jioni alikipigia magoti akikiomba msamaha. Nikiwa kitandani upande wa pili wa ukuta, nilikuwa namsikia.