Chuma Kinywani mwa Malkia

Juzi nilipanda Irente kununua jibini, nikaambiwa ningoje kidogo sebuleni wanakokaa wageni. Nikaletewa chai. Nilipoinua macho ukutani, nikakirudisha kikombe mezani. Palikuwa pametundikwa lijamu, chuma kile anachotiwa farasi kinywani: vipande viwili vilivyoungana katikati, na pete kubwa kila upande. Pete moja ilizungushiwa waya wa shaba. Waya ule aliuzungusha baba yangu. Mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, lakini nakuambia, rafiki yangu, niliogopa vile vile nilivyoogopa enzi zile nilipokuwa na kimo cha mpini wa jembe.

Mzungu wa shamba letu, hili hili la Irente, aliondoka baada ya Uhuru. Alichukua mbwa wake na kinanda chake, akamwacha farasi jike mweupe aliyeitwa Malkia, na baba aliyekuwa mtunzaji wake. Shamba likawa la kijiji, nusu ya banda la farasi ikawa ghala la viazi. Mwenyekiti wa kijiji hakulipenda jina lile hata kidogo. "Malkia tulishamuaga na bendera yake," alikuwa akisema, "huyu wa kwenu anangoja nini?" Lakini naye alipomwita kwa jina jingine, farasi hakugeuka.

Kazi yangu ilikuwa kukata majani kabla ya shule. Hadi leo nikisikia harufu ya mikaratusi iliyolowa, vidole vinaniuma kwa baridi ya umande wa Usambara. Niliyatupa majani mlangoni nikakimbia. Mwenzangu, nilimwogopa yule mnyama! Niliogopa jicho lake jeusi lililonifuata kila nilikoenda, na meno yake marefu ya njano. Nikirudi ndani, bibi alikuwa ameniwekea kiazi kwenye majivu ya moto, nami nilikishika kwanza, kula baadaye.

Masika moja mlima uliporomoka ukaifunika barabara. Katika kijiji cha ng'ambo watoto walikuwa wakikohoa na zahanati yao haikuwa na dawa. Mwenyekiti akaja kwetu, viatu vimejaa tope. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama.

"Ndugu, njia ya gari hakuna," alimwambia baba. "Imebaki ile ya ukingoni. Mtu kwa miguu atachukua siku nzima kwenda tu, na sanduku la dawa ni zito. Wewe una farasi."

"Nina farasi, Ndugu Mwenyekiti. Kumpanda ndiyo sijawahi."

"Basi utajifunza. Jumatatu."

Njia ya ukingoni niliijua. Upande mmoja jabali, upande mwingine hakuna kitu mpaka chini kabisa kwenye tambarare ya Mazinde, ambako nyumba zilionekana ndogo kuliko punje za mahindi. Hata mbuzi walipita pale kwa mstari.

Baba akamfunga Malkia tandiko, akamtia kile chuma, akapanda. Mwanzoni alikwenda vizuri. Lakini baba alipovuta hatamu amsimamishe, Malkia alirusha kichwa juu, akasimama kwa miguu ya nyuma, na baba akaangukia kabichi za jirani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Alijaribu tena, ikawa vile vile. Mimi sikucheka. Niliona povu la kinywani mwa Malkia limegeuka rangi ya waridi, na nikamwona baba, badala ya kabichi, akiangukia Mazinde.

Usiku ule nilimsikia akimwambia bibi kwamba ataenda hivyo hivyo. Watoto wa watu wanakufa, alisema, afanyeje? Nilijifunika gubigubi nikang'ata blanketi nisisikike.

Asubuhi kulikuwa na baridi ya kukausha midomo. Bibi alitoka nje amejitanda kanga zake, akaenda bandani, akakitungua kile chuma msumarini. Kisha, mbele ya macho yetu, akakitia kinywani mwake.

Usicheke. Bibi alilea watoto wa ukoo mzima, na nyumbani kwetu mtoto hakulishwa kitu ambacho hakijaonjwa na mdomo wa bibi. Uji, dawa ya mizizi, hata ncha ya kijiko, vyote vilianzia kwake. Alizishika zile pete, akazivuta nyuma kidogo. Macho yakamtoka. Akakitema na mate.

"Unampa nani kitu hiki?" alimuuliza baba.

"Farasi, mama."

"Kina baridi ya kukata ulimi. Tena ukivuta kinajikunja, kinabana huku na kuchoma kaakaa. Hata mimi ningekuangusha."

Baba alisimama akimwangalia mama yake kama aliyemwagiwa maji. Kisha akanigeukia mimi. Farasi, akanieleza, ana uwazi usio na meno kati ya meno ya mbele na magego, na chuma hulala hapo juu ya ufizi. Alitaka kujua pana kidonda gani, na mkono wake ulikuwa mnene, Malkia aliukataa. "Mkono wako mdogo, mwanangu. Nitamshika kichwa."

Nililia huku nikiingiza vidole. Kulikuwa na joto, kumelowa, na ulimi ule mnene ulinisukuma kama samaki aliye hai. Nilingoja kung'atwa. Badala yake Malkia alitulia, akanipumulia shingoni pumzi yenye harufu ya majani niliyomkatia mwenyewe. Ufizi wa kushoto ulikuwa umevimba. Nilipougusa, alitetemeka mwili mzima. Ndipo nilipojua kwamba siku zote hizo tulikuwa tunaogopana, na yeye aliogopa zaidi.

Baba alitafuta ngozi laini ya ndama, akailoweka, akaizungusha kwenye kamba nene isiyo na kiungo katikati, akashona mshono ubaki nje ya mdomo. Cha kwanza kikawa kinene, Malkia hakuweza kufunga kinywa. Kilichofuata kikawa kirefu, kikateleza upande wa kidonda. Kila kimoja bibi alikionja kwanza, akakivuta, akatikisa kichwa. Cha mwisho alikipaka samli, akakionja, akamkabidhi baba. "Hiki mpe," alisema. Malkia alikipokea, akakitafunatafuna kama mtu aliyepewa kipande cha muwa, akainamisha kichwa.

Jumatatu ukungu ulikuwa hauonyeshi hata mlango wa jirani. Bibi alikuwa amekilaza kile cha ngozi kwapani ndani ya kanga tangu alipoamka, kisiwe na baridi. Alikitoa kikiwa na joto lake. Baba akapanda, na baada ya hatua chache nikabaki na mlio wa kwato, kisha hata huo ukaisha.

Sikwenda shule. Nilikaa kwenye kona ya njia, kiazi changu kikapoa mkononi bila kuliwa. Kila jiwe lililoporomoka mbali niliona ndiye yeye. Mvua ikaja, ikapita, ikarudi. Jua lilipokuwa linazama nilisikia kwato, lakini sikuamini mpaka nilipoona kofia yake.

Alishuka, akakaa chini kwenye tope. "Dawa zimefika. Pale pembamba jiwe liliteleza," alisema. "Niliogopa, mwanangu. Nikavuta hatamu kwa nguvu zangu zote." Alifuta uso. "Akasimama tu. Akasimama, akanisubiri nimalize kuogopa."

Malkia alizeeka nasi akafa, tukamzika chini ya mikaratusi. Baba na bibi nao wametangulia. Banda sasa lina vyumba vya wageni. Kile cha ngozi kiliishi juu ya dari yetu mpaka panya wakakimaliza kwa ajili ya samli yake. Kilichotaka kuniulia baba kimebaki, kimefutwa vumbi, kimetundikwa kama pambo.

"Shika tu mama, si kizito," aliniambia binti aliyeniletea jibini, akikitungua ukutani. Kilikuwa na baridi ile ile. Nilikifumbata kwa viganja viwili, nikakisogeza ndani ya kanga, kwapani, nikakaa nacho hivyo mpaka chai yangu ikaisha. Nilipomrudishia, binti alikigeuza mikononi mwake akanitazama.

"Mama, mbona kimepata joto?"