Kikohozi Kimoja kwa Wake Wawili

Mwaka ule tulikula ndizi. Asubuhi ndizi za kuchemsha, mchana ndizi na maharagwe machache yaliyookoka, jioni ndizi za kuponda, mpaka mtoto wa jirani akamuuliza mama yake kama mwishowe tutaota mikia. Mahindi yalikuwa yameozea shambani kwa ile mvua ya Elnino, na githeri, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe, tuliisikia kwa jina tu. Kwa hivyo ukiniuliza tarehe, mimi sina. Ulikuwa mwaka wa ndizi, na haya ninayokuandikia yalitokea kweli, mchana, mimi nikiwa na akili zangu na sufuria mkononi. Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni mtu wa Gachoka, kule chini kwenye vumbi na mbuzi. Shule niliiacha darasa la pili. Nilikuwa nimepanda huku Nchiru, upande wa Meru, kukaa na mjukuu wangu Karimi, kwa sababu msichana yule ukimwacha peke yake anakula mkate na soda kisha anakuambia ameshiba. Tulikodi chumba kimoja nyuma ya vibanda, na kazi yangu, mimi Cucu wake, yaani nyanya, ilikuwa moja: kuhakikisha amekula.

Karimi alikuwa ameajiriwa na shule ndogo ya mafundi, ambayo siku hizi haipo, aangalie kompyuta. Katika mabinti wote wa ukoo wetu, ndiye wa kwanza kuajiriwa kwa kichwa chake badala ya mgongo wake. Sasa unaelewa kwa nini sikulala wiki ile?

Kompyuta zilikuwa mbili, moja ofisini, nyingine katika chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Zilitakiwa zizungumze kwa waya. Mkuu wa shule alikuwa amempa Karimi mpaka Ijumaa. Zikikosa kuzungumza, afunge virago vyake, aitwe mwanamume mmoja kutoka Meru mjini, "anayejua kazi." Alisema hivyo nikiwa hapo, nimeshika chupa ya chai. Nilimmiminia chai bila sukari.

Na usidhani sikujua shida ilikuwa nini. Nilikaa mle ndani siku tatu na Karimi akanieleza yote. Ndani ya kompyuta kuna kadi, kibamba cha kijani, na waya unaingia hapo. Kadi peke yake ni bubu. Lazima kompyuta ipewe programu ndogo ya kuiendesha, Karimi aliita draiva, na hiyo draiva iambiwe mambo mawili: kadi inaishi wapi, na ikiwa na habari itabisha hodi kwa namba gani. Kompyuta yenyewe haikuwa ya zile za picha na kubonyeza. Ilikuwa Linux, kioo cheusi na maandishi meupe, kila kitu unakiandika mwenyewe. Karimi aliandika makao ya kadi, mia tatu. Akaandika hodi, namba tano. Kwenye kadi kulikuwa na vidude vya plastiki, vidogo kama meno ya mtoto, ambavyo unavihamisha kuchagua namba, navyo vilikaa kwenye tano. Kila kitu sawa. Akatuma neno kwa kompyuta ya ofisini. Tukangoja.

"Inasemaje?" nikamuuliza.

"Inasema imetuma, imengoja, na hodi imepotea. Inasema labda waya ni mbaya, Cucu."

"Basi badilisha waya."

"Nimebadilisha mara tatu."

"Badilisha kompyuta."

"Cucu, kunywa chai."

Alhamisi mvua ilishuka kama imetumwa. Saa saba mchana nilifunga sufuria kwa leso nikampelekea chakula. Nilifika nimelowa, matope hadi kwenye magoti. Karimi alikuwa amelala, kichwa juu ya meza, mkono bado uko kwenye vibonyezo. Na kwenye kiti cha pembeni alikuwa ameketi mwanamke mzee, kitambaa kimevutwa mpaka kwenye nyusi, uso ameuelekezea mashine. Nilidhani ni mzazi wa mwanafunzi aliyekimbia mvua.

Kisha nikaona miguu yake. Ilikuwa mikavu. Tena ilikuwa na vumbi, vumbi jekundu la kwetu Gachoka wakati wa kiangazi, limepanda hadi kwenye muundi. Mvua ile, mwezi wa pili inanyesha, kijiko cha vumbi ungekitoa wapi? Lakini akili ni kitu cha ajabu. Iliona, ikapita, kama mtu anayeona nyoka akajiambia ni kamba.

"Usimwamshe," akasema, kwa Kimbeere safi cha nyumbani. "Amechoka. Anatafuta nini humu?"

Mimi nikiulizwa kuhusu Karimi sijui kunyamaza. Nikaweka sufuria chini, nikamweleza kwa sauti ndogo: kadi, makao, hodi namba tano, hodi inayopotea. Nilijivuna kidogo, sikatai. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akacheka kwa pua.

"Kwani humo ndani yumo mmoja?"

"Kadi ya waya ni moja."

"Yumo mwingine. Hasemeshwi, hatumwi, hata mmesahau kama yupo. Lakini yumo, na yeye pia huitika tano. Hodi moja, wawili wanainuka, hakuna anayefungua." Akavuta kitambaa chake mbele. "Umesahau siku ya mafua?"

Hapo damu yangu ilisimama. Niache nikueleze kwa nini.

Mume wangu alikuwa na wake wawili. Mimi nilikuwa wa kwanza, na wa pili aliitwa Ciarunji. Kila mmoja alikuwa na nyumba yake na jiko lake. Mzee akirudi jioni alikuwa anakohoa pale mlango wa boma: mara moja ni mimi nitoe chakula, mara mbili ni Ciarunji. Sasa siku moja alirudi na mafua. Alikohoa tangu mlango wa boma hadi ghalani, hata yeye mwenyewe hakuweza kujizuia. Sisi wawili tukatoka kwa pamoja, kila mtu na sahani yake. Tukatazamana. Kwa kiburi kila mmoja akamwachia mwenzake, akarudi ndani akafunga. Mzee alilala njaa. Asubuhi mimi na Ciarunji tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majivu, tukaapa kuwa hatutamwambia mtu. Na hatukumwambia. Watu watatu tu duniani walijua habari ya siku ya mafua, na siku ile Nchiru wawili kati yao walikuwa ardhini. Ciarunji nilimwosha mimi kwa mikono hii, Karimi hajazaliwa bado.

Utaniuliza kama nilipiga kelele. Niamini, sikuweza hata kukohoa.

Yule mgeni alinyoosha mkono akaanza kumpapasa Karimi nywele, polepole, nyuma ya sikio. Ciarunji hakujaliwa mtoto. Watoto wangu sita walilelewa mgongoni kwake, na nywele zao alizisuka yeye, maana mimi vidole vyangu ni vya jembe.

"Huyu ni wa nani?"

"Wa binti yetu Muthoni," nikasema. Sauti ilitoka kama ya kifaranga.

"Nilijua. Paji la uso la Muthoni. Ukaidi ni wako, maskini."

"Na akili ni za nani?"

"Hizo hazikutoka kwako, mwenzangu."

Unaona? Mtu amekufa miaka yote hiyo na bado ananitania. Woga uliniachia kidogo, nikaanza kumwonea huruma, amekaa hapo na vumbi lake. Ndipo akasimama, akajifunga kitambaa vizuri.

"Haya, mimi niende. Nisindikize, hata hapo kwenye geti tu. Njia ni ndefu na sina wa kuongea naye."

Kwetu mgeni husindikizwa. Mgeni asiyesindikizwa umemtukana, hata kama ulimchinjia mbuzi. Na huyu hakuwa mgeni wa kawaida. Alikuwa amekuja kuokoa kazi ya mtoto, na alikuwa ameniomba kitu kimoja chepesi. Miguu yangu, nakuambia ukweli, ilikwisha kugeuka kuelekea mlangoni. Moyo nao ulitaka. Nilikuwa nimemkosa mwanamke yule kuliko nilivyomkosa mume. Lakini jicho langu likaangukia ile sufuria, bado imefungwa, na yule msichana ambaye hajala tangu asubuhi.

"Sikusindikizi leo, Ciarunji," nikasema. "Bado nina mtu wa kumpikia."

Aligeuka akanitazama, mara ya kwanza uso kwa uso. Sitakuandikia nilichoona, isipokuwa hakikuwa kibaya, na kilikuwa kimezeeka pamoja na mimi. Akatoka. Kwenye baraza iliyolowa aliacha nyayo za vumbi kavu, na mvua ilizipiga bila kuzifuta mpaka jioni.

Sasa ndipo hofu yenyewe ikanishika. Nimemnyima. Je, kama amekasirika akaondoka na dawa yake? Nilimtikisa Karimi mpaka meno yakagongana.

"Fungua hii kompyuta. Kuna mwingine ndani."

"Cucu, nini? Hiyo ni kadi ya sauti, ilikuja nayo. Hatuitumii."

"Sikukuuliza kama mnaitumia. Nimekuuliza inaitika namba gani."

Karimi akazima kompyuta, akatoa kifuniko, akainama na tochi. Alikaa hapo muda mrefu. Alipoinuka aliniambia neno moja tu: "Tano."

Hakuigusa ile nyingine. Alihamisha lile jino la plastiki kwenye kadi ya waya hadi namba kumi, akawasha, akaiambia draiva namba kumi. Akatuma neno. Mistari ikaanza kushuka kwenye kioo, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ni jibu kutoka ofisini. Karimi aliweka mikono kichwani akalia. Nikamfungulia sufuria.

Haikuishia hapo. Jioni alijaribu kupeleka faili kubwa, likawa linakwenda kama mtu anayepanda mlima na gunia. Akakimbia ofisini, akakuta kadi ya kule imepangwa kusema na kusikiliza kwa wakati mmoja, na yetu inasema kwa zamu, basi zinakanyagana kila saa. Akazipanga zote mbili ziongee kwa zamu. Faili likateremka kama maji ya mfereji. Ijumaa mkuu wa shule alikuja, akaona, akatikisa kichwa, na yule mwanamume wa Meru mjini hakuitwa. Chai yake nilimtilia sukari.

"Cucu, nani alikuambia?" Karimi aliniuliza usiku.

"Mwanamke mmoja."

"Niliota mtu ananisuka."

Nikamwambia ageuze kichwa. Nyuma ya sikio kulikuwa na msuko mmoja mwembamba, umefungwa mwishoni kwa kukunjwa ndani, jinsi Ciarunji alivyokuwa akifunga, na sijamwona mwingine afungaye hivyo. Karimi hakuufumua mpaka ukajifumua wenyewe. Na alipozaa msichana, hatukubishana kuhusu jina. Mwanamke aliyekufa bila mtoto sasa ana wa kumwitikia jina, naye anakula vizuri, hana mchezo wa mkate na soda.

Basi nakuonya wewe unayesoma. Mvua ikinyesha ukaona mgeni ana vumbi miguuni, mpe kiti. Msikilize, maana huenda anajua kitu ambacho nyumba nzima imesahau. Lakini akiinuka akuombe umsindikize, usione aibu. Baki pale ulipo, hata kama unampenda, na hasa kama unampenda.

Yeye huja kunitembelea bado. Si kila mwaka. Mvua ikizidi, mchana, nasikia mtu amesimama barazani, na nikichungulia naona vumbi kwenye kizingiti. Haingii. Anaomba lile lile, kwa upole, kama mtu asiye na haraka. Nami namjibu nikiwa nimeshika mwiko:

"Sikusindikizi leo, Ciarunji. Bado nina mtu wa kumpikia."