Gia Boksi Niliyoichagua kwa Kijicho

Ipo siku moja ya ujana wangu, mwanangu, naikumbuka kuliko nyingine zote, na si kwa utamu wake. Nilikuwa nimeegesha lori langu Mikumi, kando ya barabara kuu, nakunywa chai. Nikamwona mdogo wangu Mathayo anaingia na lori lake kutoka Kilosa, limejaa mahindi hadi juu. Akasimama kidogo, akasalimia watu, akaondoka tena kupandisha mwinuko, mkono mmoja ameuning'iniza dirishani. Hakukanyaga klachi, hakuvuta gia. Lori lilibadili gia lenyewe, taratibu, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake.

Mama muuza chai akasema, "Jamani, Mathayo! Gari lake hata halihangaiki."

Chai ile niliiacha nusu kikombe. Ilikuwa imegeuka shubiri.

Nikueleze sisi ni akina nani. Naitwa Danieli. Mimi na Mathayo tumezaliwa Mamboya, kule milimani, tumbo moja, mimi nikimtangulia miaka miwili. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika usukani. Mimi ndiye niliyemtafutia kibarua cha kwanza cha udereva. Halafu ikafika siku watu wenye mizigo wakawa wanapita mbele ya lori langu wakiuliza, "Mathayo yuko wapi?" Ukubwa wa kuzaliwa, mwanangu, ni kitu kidogo sana mtu anapotafuta gari la kupandisha mzigo wake mlimani.

Siku hizo malori ya otomatiki yalikuwa ya kuhesabika huku kwetu, na barabara ya Kilosa kwenda Mikumi ilikuwa ya vumbi na mawe. Lori langu lilikuwa na injini kubwa kuliko ya Mathayo. Ilivuta, wewe! Ingeweza kung'oa kisiki. Lakini gia zake zilikuwa za mkono na klachi yake nzito, ikifika jioni goti langu la kushoto linawaka moto. Hilo goti ndilo nililolisingizia. Nilimwambia mke wangu natafuta gia boksi ya otomatiki kwa sababu ya goti. Ukweli ni kwamba sikulala vizuri tangu siku ile ya chai. Nilitaka siku moja nimpite Mathayo mlimani, mkono wangu nao ukining'inia dirishani, watu wakiona.

Kilosa, jirani na stesheni, aliishi Mzee Sefu, fundi mstaafu wa reli. Alikuwa ametengeneza vichwa vya treni ujana wake wote, na hakuna fundi wa malori ambaye hakuwahi kwenda kumuuliza jambo. Nikaenda kumwamkia, nikamwomba anisindikize Morogoro kwenye yadi ya vipuri vilivyotumika. Akakubali. Tukapanda basi.

Yadini kulikuwa na gia boksi mbili za otomatiki. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nzito, imeshika kutu pembeni, imetoka kwenye lori la kubebea mawe. Ilikuwa na gia chache. Nilipoitazama nikaitambua: ni ndugu wa ile ya Mathayo. Ya pili ilikuwa nyepesi, safi, inang'aa, ina gia nyingi. Muuzaji hakunificha. Alisema, "Hii laini sana, kaka, lakini ilikuwa ya basi dogo la abiria."

Mzee Sefu akachuchumaa mbele ya ile yenye kutu. Akasugua kibati chake kwa kidole gumba mpaka maandishi ya uwezo wake yakaonekana, akayasoma polepole. Akasema, "Chukua hii."

"Mzee, hii ni kama ya Mathayo," nikamwambia.

"Basi?"

"Watu watasema nimemwiga."

Mzee akanishika kiganja, akakisokota kama mtu anayekamua nguo, mpaka nikasikia maumivu kwenye kifundo. "Injini haisukumi, Danieli. Inasokota. Na kinachopokea kule kusokota ni gia boksi. Injini yako inasokota kuliko ya mdogo wako. Ndani ya hii ya basi kuna sahani nyembamba zinazobanwa na mafuta. Zikizidiwa zitateleza. Zikiteleza zitapata moto. Zikishapata moto, hakuna sala itakayozirudisha."

"Lakini ina gia nyingi, mzee."

"Wingi wa vidole si nguvu ya mkono." Akasimama, akajipangusa magoti. "Nikuulize, na usinidanganye. Umekuja kuichagulia injini yako, au umekuja kushindana na mtoto wa mama yako?"

Nilikasirika, mwanangu. Mtu hukasirika hasa anapoambiwa kweli. Nikalipia ile inayong'aa. Tuliporudi Kilosa, Mzee Sefu akaniambia mambo mawili tu: kwamba mikono yake haitaifunga gia boksi ile, na kwamba nifikapo nyumbani nimsalimie mama.

Nikampata fundi mwingine Mikumi. Akachonga bamba la kuunganishia, akaifunga. Na nisikufiche, ilikwenda! Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Kwa majuma matatu nilikuwa mfalme. Siku moja nilimkuta Mathayo njiani, nikampita huku napiga honi ndefu. Alinipungia mkono akicheka kwa furaha ya kweli, na hata ile furaha yake iliniudhi. Nilitaka aumie kidogo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mimi niliona mbio za Mathayo, sikuona anachokibeba.

Kulikuwa na dalili. Mafuta ya gia boksi yalianza kunuka kama mahindi yaliyoungulia. Mara nyingine nikikanyaga mafuta injini inaunguruma, gari linachelewa kuitika. Ningekuwa na akili ningekwenda kwa Mzee Sefu. Lakini ningekwendaje, na mimi ndiye niliyempa kisogo?

Kisha ikaja kazi ya Mamboya. Usharika wa kwetu ulikuwa unajenga nyumba ya mkunga, maana wanawake wa kule walikuwa wanateremshwa mlima kwa machela na uchungu umeshawashika. Saruji na nondo zilikuwa zimefika Kilosa. Mathayo akawaambia wazee wa kanisa, "Tugawane na kaka. Kila mmoja aende safari mbili, mzigo mwepesi, mvua imelainisha njia."

Nikadakia mbele ya wote, "Mimi fungu langu napandisha safari moja."

Mama yetu alikuwa Mikumi kwangu siku hizo, anataka kurudi kwake Mamboya. Asubuhi ya safari, kabla hatujaenda Kilosa kupakia, akachukua kikapu chake akaelekea kwenye lori la Mathayo.

"Mama, njoo kwangu," nikamwita.

"Nitapanda na Mathayo, baba. Amezoea mlima."

"Mama, mimi ndiye mkubwa."

Alinitazama, akaona jambo usoni pangu. Mama huzijua siri za watoto wake. Akageuka bila kubishana, akaja akapanda kwangu. Mwanangu, hiyo hatua yake ya kugeuka ndiyo inayonirudia hadi leo.

Chini kulikuwa kwema. Tulipoanza kupanda, mama alikuwa ananisimulia habari za kuku wake. Harufu ikaingia ndani ya kebini. Akauliza, "Kuna kitu kinaungua?" Nikasema hapana. Kwenye kona ya juu, pale ambapo upande wa kushoto ni ukingo wa udongo na wa kulia ni korongo, injini ikapiga kelele kubwa ghafla, kelele tupu, na gari likasimama. Nikakanyaga mafuta. Kelele tu. Nguvu yote ya injini ile niliyokuwa naringia ilikuwa inazunguka hewani, hakuna tena cha kuipeleka kwenye magurudumu.

Nikashika breki. Magurudumu yakakaza, lakini udongo mwekundu ulikuwa umelowa na mzigo ulikuwa mzito mno. Tukaanza kuteleza kinyumenyume. Taratibu. Utaratibu ule ndio unaotisha, maana unapata nafasi ya kuelewa. Mama aliacha habari za kuku. Akaanza kuomba kwa Kikaguru, lugha ya kwetu, kwa sauti ndogo.

Mathayo alikuwa nyuma yetu. Alisimamisha lori lake mbali, akaruka, akaja mbio amekumbatia gogo lake la kuzuilia tairi. Nikamwona kwenye kioo. Nikapiga kelele, "Toka, Mathayo! Toka!" Hakutoka. Alipiga magoti nyuma ya tairi la lori linalomjia, akalisukumiza gogo kwa mikono miwili, akajitupa pembeni. Tairi likapanda juu ya gogo, mkia wa gari ukageukia kushoto, mbali na korongo, tukajigonga kwenye ukingo wa udongo kwa kishindo, tukasimama.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye ambaye sikusikia, mwanangu, lakini kilichovunjika ni mkono wa mama yangu.

Mathayo alimteremsha mama mpaka hospitali Kilosa kwa lori lake. Mimi nilibaki na mzigo, nikafika hospitali jioni kwa gari la kudandia. Mama alikuwa amelala kwa dawa, na alipofumbua macho swali lake la kwanza lilikuwa, "Mathayo hakuumia?" Na utaamini? Hata hapo, mbele ya mkono aliovunjika kwa ajili yangu, kijicho kilinichoma: mbona hakuniuliza mimi? Ndipo nilipojiogopa. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi, nikalia.

Mathayo akaja akakaa kando yangu, matope bado yamemganda magotini.

"Kaka, ungeniuliza," akasema.

"Ungenicheka."

"Nikucheke mimi? Kabla ya gia boksi hii niliyo nayo niliunguza mbili. Mbili, kaka. Zote nilizipenda kwa wepesi wake. Ya pili iliniacha porini karibu na Rudewa siku mbili, nikala mahindi mabichi."

"Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Wewe ndiye uliyenifundisha gari. Niliona haya kwako."

Usione vyaelea, vimeundwa. Miezi yote ile nilikuwa nauonea kijicho ushindi wa mtu, na kushindwa kwake alikuwa amenificha kwa heshima.

Lori langu lilipovutwa hadi Kilosa, Mzee Sefu alikuja mwenyewe bila kuitwa. Hakusema "nilikuambia." Alichovya kidole kwenye mafuta meusi ya ile gia boksi iliyokufa, akanipitishia puani, akasema, "Hii harufu uikumbuke." Kisha tukaenda tena Morogoro, sisi watatu. Ile yenye kutu ilikuwa bado ipo. Mathayo ndiye aliyenibebea upande mzito. Tuliifunga pamoja, tukaiongezea rejeta kubwa ya kupozea mafuta, na nyumba ya mkunga ikapata saruji yake yote, safari mbili mbili.

Leo vijana mnanijia na simu mkononi, mnanionyesha picha: mzee, hii ina gia kumi, mzee, hii ni ya kisasa. Sikilizeni. Anza na injini yako, ujue inasokota kiasi gani, kisha tafuta gia boksi iliyotengenezwa kupokea zaidi ya hapo, na ubakize ziada kwa ajili ya mlima na tope na ile siku utakayozidisha mzigo, maana utazidisha. Soma kibati, rangi haikuambii kitu. Uliza ilikotoka ilikuwa inabeba nini. Poza mafuta yake, yanuse, na yakinuka kuungua usijidanganye. Inayodumu mara nyingi ni nzito na haina sura. Lakini hayo yote fundi yeyote atakuambia. Langu mimi ni hili: usichague chombo huku ukimtazama jirani. Aliyekupita, mfuate umuulize alianguka wapi. Atakuonyesha, kama hukumwendea na uso wa vita. Nami sitakudanganya kwamba kijicho hufa. Mathayo akisifiwa mbele yangu bado nasikia kitu kinajikuna kifuani. Tofauti ni kwamba siku hizi nakitambua, sikipi usukani.

Nenda, mwanangu. Mungu akujalie kazi inayokutosha na ndugu wa kumkimbilia bila kuona haya. Milima yako uipande ukiwa mzima, na kila unayempakia umfikishe kwake salama.